Mto Mmoja, Mafaili Mawili

Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano ya mvua ilifululiza bila kunyesha vya kutosha kaskazini na mashariki mwa Kenya, na nchi ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Mwishoni mwa 2023 zikaja mvua za El Niño. Kaunti ya Tana River, iliyokuwa bado inajitahidi kusambaza maji kwa maboza, sasa ikawa inatafuta mashua. Mbuzi walioponea ukame walichukuliwa na maji. Aprili na Mei 2024 mto ukavunja kingo tena, na barabara ya Madogo kuingia Garissa ikakatika.

Ni rahisi kusema kaunti hii ina majanga mawili yanayopingana. Lakini ukitazama ramani, utaona mto mmoja tu. Tana unaanzia Mlima Kenya na safu ya Aberdare, unapita mabwawa matano ya umeme ya Seven Forks, kisha unateremka katika nchi kavu hadi Kipini unapoingia Bahari ya Hindi. Maji yanayozamisha mashamba ya Garsen, huko chini mtoni, mara nyingi hayakunyesha Garsen. Yalinyesha juu, siku kadhaa kabla, mahali ambapo gavana wa Tana River hana hata mlinzi wa lango.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kitaifa na zile za kaunti, zote mbili, kazi ya kudhibiti majanga. Mabwawa yanaendeshwa na kampuni ya umeme ya KenGen, vibali vya kutumia maji ya mto hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na machifu, ambao ndio hupita kijiji kwa kijiji kuwaambia watu wahame, wako chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Kaunti inabaki na zahanati, maji ya vijijini, kilimo, mifugo, na lawama.

Katika ukame, hata hivyo, mambo yamepangika kuliko wengi wanavyodhani. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti ya maeneo kame. Ukiisoma utashangaa ilivyo ya karibu na maisha ya watu. Mifugo wanatembea kilomita ngapi kutoka malishoni hadi majini? Nyumba moja inakamua maziwa kiasi gani kwa siku? Ukiuza mbuzi mmoja leo unanunua kilo ngapi za mahindi? Watoto wadogo hupimwa unene wa mkono kwa utepe. Picha za setilaiti huonyesha hali ya majani. Majibu hayo yakijumlishwa, kaunti huwekwa katika hatua: kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Kila hatua ina kazi zake zilizopangwa mapema, kama kukarabati pampu za visima, kununua mifugo kabla hawajakonda wakakosa bei, au kuongeza chakula cha lishe kwenye zahanati. Fedha huchelewa, ndiyo, na mara nyingine hufika mbuzi akiwa ameshageuka ngozi. Lakini angalau swali la lini tuanze lina jibu lisilongoja mtu apige kelele.

Mafuriko hayana ngazi ya namna hiyo. Idara ya hali ya hewa hutabiri, KenGen hutangaza bwawa la Masinga likikaribia kufurika, na machifu hupita wakihimiza watu wahamie sehemu zilizoinuka. Ila tangazo la kwamba bwawa limejaa halimwambii mkulima wa kijiji cha Idsowe kama maji yatafika shambani kwake Jumanne au Ijumaa, wala kama yatafika magotini au dirishani. Tena halifungui mfuko wowote wa kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, lakini malipo yake kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia. Mgao wa Tana River kutoka serikali ya kitaifa ulikuwa karibu shilingi bilioni 6.5 mwaka wa fedha wa 2022/23. Ukihesabu mgao huo peke yake, asilimia 2 ni kama milioni 130, kwa kaunti yenye watu zaidi ya 315,000, ukame na mafuriko vyote vikiwemo. Na fedha hizo kwa kawaida hutoka janga likishaonekana kwenye televisheni.

Nionavyo, kaunti ingefaidika zaidi kuazima ngazi za ukame na kuzipeleka mtoni kuliko kununua mashua zaidi. Kipimo cha maji pale Garissa kinaweza kuwa kwa mafuriko kile ambacho bei ya mbuzi ni kwa ukame: kikifika alama fulani, lori za mbegu na dawa zinaondoka bohari, kambi zinachimbiwa vyoo, na mifugo wanahamishwa kabla njia haijafungwa. Maji huchukua siku kushuka kutoka Garissa hadi kwenye delta. Siku hizo leo hutumika kwa mikutano.

Wazo la kuwahamisha watu wote kutoka kingoni halinishawishi. Wapokomo hulima kingoni kwa sababu tope la mafuriko ndilo mbolea yao; miembe, ndizi na mpunga viko hapo. Waorma na Wawardei huteremsha ng'ombe hapo hapo kiangazi kinapobana, kupitia njia za kunyweshea wanazoziita malka. Ukingo ni kimbilio la wote wakati wa ukame na hatari ya wote wakati wa masika. Malka zinapozibwa na mashamba, ukame hugeuka ugomvi. Mapigano ya 2012 na 2013 kati ya Wapokomo na Waorma yaliua watu zaidi ya mia moja. Kwa hiyo kupima njia hizo na kuzilinda kisheria, kazi inayoonekana ya idara ya ardhi, ni kudhibiti majanga kwa maana kamili.

Kuna pia yale mafuriko yanayohitajika. Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, lilijengwa hasa kwa ajili ya umeme. Mwendesha mitambo hutaka bwawa lijae. Anayeogopa mafuriko hutaka libaki na nafasi. Matokeo yake ni kwamba mafuriko madogo yanayorutubisha delta yamepungua, ilhali makubwa, yanayokuja bwawa likiwa tayari limejaa, bado yanapita. Sasa bwawa kubwa zaidi la High Grand Falls limekuwa likipangwa kwa miaka mingi kwenye mto huohuo. Wanaolitetea husema litazuia mafuriko, na huenda likazuia. Kaunti ikipata kiti katika mazungumzo hayo, isidai fidia peke yake. Idai ratiba iliyoandikwa ya maji yatakayoachiliwa kila Mei na kila Novemba, kwa kiasi cha kufikia mashamba ya mpunga na malisho ya delta bila kufikia vitanda vya watu.