Sindano ya Kinga Haingoji Mshono

(Maelezo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, mgonjwa akitoka salama katika chumba cha upasuaji, jamaa zake waliokaa kwenye benchi tangu alfajiri hushusha pumzi na kumshukuru Mungu. Kwao kazi imekwisha. Lakini siku ya tano au ya saba mshono huanza kuvimba, unakuwa wa moto, homa inapanda, na hatimaye usaha unatoka. Hapo ndipo maneno huanza. Huyu atasema kidonda kiliingia maji, yule atasema mgonjwa aliinuka mapema, na mwingine atalaumu nyuzi. Mara nyingi, hata hivyo, chanzo cha balaa hilo kilikuwapo tangu saa ile mgonjwa alipokuwa bado mezani.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mwongozo wake mwaka 2016, lilieleza kuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 11 katika kila 100 wanaofanyiwa upasuaji hupata maambukizo. Barani Afrika, kwa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji, idadi yaweza kufikia 20 katika kila 100. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba katika wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa, mmoja kati ya kila wanne alipata maambukizo ya kidonda. Kila mmoja wao maana yake ni siku zaidi wadini, dawa zaidi, nauli za ndugu kila jioni, na genge au kibanda kilichofungwa nyumbani. Wapo pia ambao hawarudi nyumbani kabisa.

Je, vijidudu hivyo hutoka wapi? Wengi wetu huelekeza kidole kwenye kitanda kichafu. Ni kweli, uchafu wa vyombo na mikono huleta madhara. Lakini sehemu kubwa ya vijidudu hivyo ni vya mgonjwa mwenyewe: huishi juu ya ngozi yake, puani na tumboni mwake, bila kumdhuru. Ngozi ni ukuta, na kisu cha daktari hufungua mlango katika ukuta huo. Katika muda ule kidonda kikiwa wazi, vijidudu huingia. Kama dawa ya antibiotiki imekwisha kusambaa katika damu na nyama, itavikuta mlangoni na kuviua vikiwa vichache. Ikija baada ya mshono kufungwa, itavikuta vimekwisha kujenga.

Hayo si maneno ya kubuni. Mwaka 1961, daktari John Burke wa Boston, Marekani, alionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba dawa hiyo huzuia maambukizo ikiwa tayari mwilini vijidudu vinapoingia, na kwamba ikichelewa kwa saa tatu haifui dafu. Mwaka 1992, watafiti wa Salt Lake City walichapisha hesabu za wagonjwa 2,847. Waliopewa dawa katika saa mbili kabla ya kupasuliwa, walioambukizwa walikuwa 6 tu katika kila 1,000. Waliopewa zaidi ya saa tatu baada ya kisu kuanza kazi, walikuwa 33 katika kila 1,000. Tofauti kubwa baina yao ilikuwa saa ya kupewa dawa.

Sasa tutazame desturi iliyozoeleka katika hospitali nyingi za sehemu zetu. Mgonjwa hupasuliwa kwanza, kisha huandikiwa antibiotiki za siku tano au saba ili kidonda kisioze. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na desturi hiyo hiyo katika Hospitali ya Thika. Mwaka 2011 waliamua kubadili: dawa itolewe kabla ya upasuaji, na ile ya baadaye ipunguzwe. Walifuatilia vidonda vya wagonjwa wao, wakaona maambukizo hayakuongezeka, bali yale ya juu juu yalipungua.

Mwongozo wa mwaka 2016 unasema hivyo hivyo. Pale ambapo upasuaji unahitaji kinga, dawa itolewe ndani ya saa mbili kabla ya kisu, na isiendelezwe kwa ajili ya kinga baada ya upasuaji kumalizika. Siku za ziada hazimlindi mgonjwa. Zinatumaliza fedha na kuvifundisha vijidudu usugu, ili siku tutakapoihitaji dawa hiyo kwa ugonjwa wa kweli tukute imekuwa maji.

Hapa yafaa tuelewane vizuri. Mtu aliyefika hospitali kidole tumbo kimekwisha kupasuka, au mwenye jipu tumboni, huyo tayari ana maambukizo. Dawa anazopewa ni za tiba, wala si za kinga, na anapaswa kuzimaliza kama alivyoelekezwa. Asitokee mtu akatupa vidonge vyake kwa kuwa amesikia redioni. Amwulize daktari wake.

Tena sindano peke yake haitoshi. Mgonjwa aoge vizuri kwa sabuni kabla ya kwenda mezani. Asijinyoe kwa wembe nyumbani akidhani anamsaidia daktari, kwa sababu wembe huacha mikwaruzo midogo ambamo vijidudu hujificha. Kama nywele lazima ziondolewe, hospitali itumie mashine ya kukatia. Mwenye kisukari apimwe na sukari yake idhibitiwe. Mgonjwa asiachwe apigwe na baridi mezani, maana mwili ukipoa mishipa hunywea na damu inayolinda kidonda hupungua. Ngozi isafishwe kwa dawa yenye spiriti, na kila mkono unaogusa kidonda uwe umenawa.

Kuna atakayesema hayo ni ya nchi tajiri. Si hivyo. Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu orodha yake ya maswali ya usalama katika chumba cha upasuaji, mojawapo ya hospitali nane duniani zilizochaguliwa ilikuwa Ifakara, hapa hapa Tanzania, pamoja na za London, Toronto na kwingineko. Orodha hiyo ni karatasi moja inayosomwa kwa sauti, na swali mojawapo ni kama dawa ya kinga imetolewa katika dakika 60 zilizopita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kwa hospitali zote nane pamoja, maambukizo ya vidonda yalishuka kutoka asilimia 6.2 hadi 3.4.

Kinachotakiwa, basi, ni utaratibu. Dawa iwepo ndani ya chumba cha upasuaji, na mtu mmoja ajulikane kuwa ndiye wa kuichoma. Ndugu wa mgonjwa asitumwe kukimbilia duka la dawa wakati mgonjwa amekwisha kulazwa mezani, kwani sindano inayonunuliwa saa hiyo huenda ikafika mshono umekwisha kufungwa.

Nawe msikilizaji, siku wewe au mzazi wako atakapoandikiwa upasuaji, si utovu wa adabu kuuliza: “Samahani daktari, sindano ya kinga atapewa saa ngapi?” Daktari mzuri atafurahi kuulizwa. Na mkisharudi nyumbani, kitazameni kidonda kwa siku 30. Kikivimba, kikitoa maji au homa ikipanda, rudini hospitali siku ile ile.

Hadi juma lijalo, kwaherini.