Sakafu Kwanza, Rangi Baadaye

Mama alisimama kwenye kizingiti cha sebule yangu, kandambili mkononi, akasita kuingia. "Mwanangu, mbona mmemwaga maji?" Hapakuwa na tone hata moja. Zilikuwa marumaru nyeupe za sentimita 60 kwa 60, zinazong'aa kiasi kwamba taa za dari zilionekana chini kama zimezama kisimani. Nilimshika mkono tukavuka pamoja. Mama amezeeka akikanyaga saruji iliyopigwa niru, na macho yake siku hizi hayatofautishi mng'ao na maji. Siku zote nne alizokaa kwangu Bunju, alitembea akipapasa ukuta.

Marumaru zile nilizichagua mwenyewe, dukani, chini ya taa kali. Nilitazama kipande kimoja kilichoegemezwa ukutani nikalipia mita za mraba 90. Sikukilaza chini, sikukimwagia maji, sikuvua viatu nikikanyage. Wala sikuwaza ni nani watakaopita juu yake.

Tangu hapo, kila ndugu au jirani anayemalizia nyumba akiniuliza aanze na nini, namwambia aanze na sakafu. Rangi ya ukuta ukiichoka, mafundi wawili na ndoo moja wanakubadilishia chumba kwa siku mbili. Sakafu ukiichoka, ni nyundo, tindo, vumbi hadi kwenye vyombo vya jikoni, na gharama ya kununua upya kile ulichokwisha kukilipia. Kwa hiyo kinachodumu kichaguliwe kwanza, halafu kuta zikifuate. Wengi wetu hatuichagui sakafu yote kwa pamoja, na si kwa ujinga. Tunajenga kidogo kidogo, fedha ikipatikana ya chumba kimoja tunanunua ya chumba kimoja, tena zile zilizopungua bei wiki hiyo. Matokeo yake ni sebule nyeupe, korido yenye maua, na chumba cha kulala chenye mfano wa mbao. Ukisimama mlango wa mbele unaziona zote tatu kwa mkupuo, na nyumba ya mita za mraba 90 inaonekana kama vibanda vitatu vilivyosogezwa karibu. Kama fedha inakuja kwa awamu, ni heri kuishi mwaka mzima juu ya saruji safi hadi uweze kununua aina moja ya sebule, korido na vyumba.

Pa kubadilisha ni pale panapofika maji: bafuni, jikoni na barazani. Hapo chukua zenye mikwaruzo, zisizong'aa, na vipande vidogo vidogo, kwa sababu mistari mingi ya grauti husaidia mguu kushika. Bafuni mwambie fundi aweke mteremko wa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, kisha mwage ndoo ya maji mbele yake kabla hujamlipa.

Kuna jambo moja limeandikwa kwenye kila boksi na karibu hakuna anayelisoma: namba ya bechi na namba ya rangi. Marumaru za jina moja zilizochomwa kwenye tanuru siku tofauti mara nyingi hazitoki na rangi ileile. Mimi nilipungukiwa boksi nne, nikarudi duka lilelile, nikauziwa zenye jina lilelile. Dukani zilifanana kabisa. Zilipolazwa, mwisho wa korido ulitoka na wekundu kwa mbali, kama chai iliyotiwa maziwa machache. Hata leo mgeni akipita, macho yangu yanakimbilia pale pale. Piga hesabu mapema. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kina mita za mraba 14, ukiongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika unapata 15.4. Boksi la vipande vinne vya 60 kwa 60 lina mita 1.44, kwa hiyo unahitaji boksi 11. Zinunue siku moja, na usome namba kwenye kila boksi kabla halijapandishwa kwenye gari la Kirikuu.

Fundi naye aangaliwe. Wapo wanaoweka manundu matano ya saruji chini ya kipande, manne kwenye pembe na moja katikati, kwingine kote pakabaki hewa. Siku mtungi wa gesi unapoanguka, kipande kinapasuka. Chukua sarafu ya shilingi 200 ugonge kila kipande siku inayofuata. Kilichoshika vizuri hulia "ti", kilicho na uwazi hulia kama debe.

Sasa rangi. Ushauri mwingi unaosambaa kwenye simu zetu umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na kwao jambo kubwa ni kama chumba kinatazama kaskazini au kusini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua letu hupita karibu na utosini, likiegemea kaskazini mwezi Juni na kusini kidogo Desemba. Kinachotuhusu sisi ni mashariki na magharibi. Chumba chenye dirisha la magharibi, ikifika saa kumi jioni, hupokea mwanga wa njano wa moja kwa moja, na krimu iliyokuvutia dukani inageuka rangi ya mafuta ya mawese. Chumba hicho kipe kijivu chepesi au samawati iliyofifia. Krimu iende chumba cha mashariki, ambacho mchana hupoa.

Tazama pia kilicho nje. Udongo mwekundu wa uani, mabati mapya ya jirani, ukuta wa uzio, vyote hurusha rangi ndani. Chumba cha binti yangu kilipakwa nyeupe tupu, lakini dirisha lake linatazama mwembe, na mpaka leo asubuhi kuta zake zina ukijani wa maji ya dafu. Yeye anapapenda hivyo, nami nimeacha.

Kile kikaratasi cha rangi cha dukani ni kidogo kuliko kiganja, na rangi ikishazunguka kuta nne huonekana nzito kuliko ilivyokuwa kwenye karatasi. Nunua kopo dogo, pakaza ubao wa nusu mita mara mbili, uegemeze ukutani ukiwa umekanyaga kipande cha marumaru utakayotumia. Utazame saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na usiku taa zikiwaka. Balbu nyingi tunazouziwa ni za mwanga mweupe wenye ubuluu, na chini yake rangi za udongo hufifia zikawa kama majivu.

Wazee wetu waliyajua haya bila kikaratasi. Katika nyumba za mawe za Lamu, vyumba vya ndani kabisa havina dirisha la nje. Kuta zake na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zikapigwa chokaa nyeupe, ili mwanga mdogo unaotoka uani usogezwe kutoka ukuta hadi ukuta mpaka umfikie aliyeketi ndani. Na katika nyumba za Kiswahili za Kariakoo na Magomeni, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, ukumbi ulipakwa rangi ya mafuta iliyokolea hadi usawa wa kiuno, mara nyingi damu ya mzee, kisha rangi ya maji nyepesi juu yake. Vijana wanaiona ni ya shule na zahanati. Mimi nimeirudisha kwenye korido yangu: mikono ya watoto na pedali za baiskeli huishia kwenye sehemu inayofutika kwa kitambaa, na nusu ya juu inabaki na mwanga wake.

Kwa rangi za mafuta, hasa njano, nyekundu na kijani kali, soma kopo uone kama limeandikwa kuwa halina risasi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ni kisichozidi sehemu 90 za risasi kwa kila milioni, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Mtoto anayeota meno hutafuna kingo za dirisha. Kama huna uhakika na kopo, liache dukani.

Na usipake kwa haraka. Lipu mpya iachwe wiki nne ikauke. Ukuta uliojengwa kwa mchanga wenye chumvi utatoa unga mweupe na kubambua rangi kutoka chini, hata ukiipaka mara ngapi. Mabaka ya namna hiyo hukwanguliwa, chanzo cha unyevu kikatafutwa, ndipo upake, na wakati wake mzuri ni kuanzia Juni, masika yakishapita.

Sebule yangu sijaivunja, sina uwezo huo kwa sasa. Nimetandika mikeka ya ukindu kutoka mlangoni hadi kwenye korido, na bafu nimelivunja nikaweka marumaru za mikwaruzo, rangi ya mchanga. Mama alipokuja tena mwezi wa nane alivua kandambili, akapita juu ya mikeka, akaoga, akatoka bila kumwita mtu. Jioni akaniuliza kama zile za bafuni zilibaki. Zimebaki boksi tatu chini ya kitanda, bechi moja. Bafu lake la Muheza linahitaji mbili na nusu. Ijumaa nazipakia kwenye basi la Tanga.