Kinu na Mchi Ndani ya Nyonga

Aliyezoea kukaa kwenye mbuzi na kukuna nazi hajui kazi anayoibebesha nyonga yake. Magoti yamepanda juu ya kiuno, mgongo umeinama, paja nusura liguse tumbo. Nyonga ya kuzaliwa nayo huvumilia hayo kila siku. Ile ya bandia yaweza kuchomoka.

Nyonga ni kinu na mchi. Kinu ni kishimo cha mviringo kwenye fupanyonga. Mchi ni mfupa wa paja na kichwa chake. Gegedu ikishasagika, daktari hukata kichwa hicho, hushindilia shina la chuma lenye shingo na tufe ndani ya uvungu wa mfupa wa paja, kisha hupachika bakuli jipya mahali pa kinu. Huko Wrightington, Uingereza, mpasuaji John Charnley alitumia kwanza bakuli za Tefloni. Zikalika upesi, na mwaka 1962 akahamia polithini ngumu. Tufe lake lilikuwa la milimita 22 na kidogo, kwa kuwa alitaka msuguano uwe mdogo. Siku hizi milimita 32 au 36 ni kawaida: tufe likiwa kubwa zaidi likilinganishwa na shingo, mguu huzunguka zaidi kabla ya kukwama.

Na kukwama ndiko kwenye kisa chenyewe. Laza mchi kinuni mpaka mti wake uguse ukingo, kisha ulazimishe. Ukingo unageuka egemeo, na kile kichwa cha chini kinanyanyuka. Bakuli likitazama mbele kidogo mno, ajali hutokea mtu anapoinama kufunga kamba za viatu, na tufe hutokea nyuma. Likitazama mbele kupita kiasi, mtu hukunja paja kwa raha, lakini akiupeleka mguu nyuma huku vidole vikielekea nje, tufe hutokea mbele. Likisimama wima mno, uzito hubebwa na ukingo na plastiki huliwa upande mmoja.

Mwaka 1978 daktari Lewinnek na wenzake walipendekeza vipimo vya bakuli: mwinamo wa nyuzi 40 na kutazama mbele nyuzi 15, kukiwa na nafasi ya nyuzi 10 huku na huku. Vikashikwa kama sheria kwa miongo. Kisha mwaka 2016 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walichunguza nyonga 206 zilizochomoka. Asilimia 58 zilikuwa ndani ya vipimo hivyo!

Sababu ni kwamba kinu hiki hakikai sakafuni. Kimepachikwa kwenye mfupa unaotembea. Ukikaa, fupanyonga hulala nyuma, mara nyingi kwa nyuzi 20 hivi, na bakuli hufunguka lenyewe kulipisha paja. Mwenye mgongo uliokakamaa, au uliofungwa kwa skrubu, hana msaada huo. Paja lake hukunjwa peke yake hadi shingo igonge ukingo, hata kama bakuli limewekwa sawasawa na kitabu. Kwangu mimi, basi, kumpima mtu akiwa amelala tu ni kupima nusu ya nyonga.

Ndiyo maana wapasuaji wengi sasa hutaka picha mbili za eksirei za ubavuni kabla ya kushika kisu: moja mgonjwa amesimama, nyingine amekaa. Ila stuli ya chumba cha eksirei huwa ndefu kuliko mbuzi.