Etajeri ilianguka usiku: ukuta wa depo tuliutoboa bila kuujua

Ndugu wanakoperative, safari hii hatuanzi na shamba, tunaanza na ukuta. Na tunaanza na kosa letu sisi wenyewe, maana limekwisha kuwagharimu watu mbegu.

Ilikuwa mwanzo wa Septemba, kwenye koperative moja tunayoisindikiza katika teritwari ya Walungu, Kivu ya Kusini. Zilibaki siku chache tu za kugawa mbegu za msimu A. Etajeri ya ukutani ikaanguka usiku. Ilikuwa imebeba mifuko sita ya mbegu ya maharagi, kilo 25 kila mfuko: mitatu ya maharagi ya kupanda miti, mitatu ya maharagi mafupi. Chini yake, sakafuni, kulikuwa bidoni ya dawa ya wadudu. Asubuhi mama mtunza depo alipofungua mlango, mifuko minne ilikuwa imepasuka, mbegu zimechanganyika, bidoni imevunjika, dawa imeingia ndani ya maharagi.

Kila mkulima anajua maana yake. Maharagi ya miti yanataka vijiti na yanakaa shambani muda mrefu, mafupi yanaiva mbele. Mbegu ya mchanganyiko haigawiwi. Na zile zilizolowa dawa hazikuliwa na mtu wala hazikupewa kuku. Ziliwekwa pembeni, basi, zimepotea.

Komite ilikaa siku ile ile. Wengine walisema mama amepakia etajeri kupita kiasi, alipe kwa sehemu yake ya mavuno. Tulipofika tulimkuta amekaa nje na kaye yake ya depo kwenye magoti. Hakulia wala hakupiga kelele. Alituambia tu: “Miye nilipanga vile kaye inasema. Bapapa ba komite wanajua. Ninyi ndio mulisema itabeba. Ule ukuta, muliuuliza nini?”

Kusema kweli, hatukuuuliza kitu. Tuliuona umepakwa krepi safi na rangi nyeupe, tukasema hii ni beto. Kumbe ni bloki za sima, zile zenye matundu makubwa ndani. Visi zilikuwa bado kwenye vyuma vya etajeri, na kila moja imetoka na shevili yake ya plastiki, nzima, imepakwa unga tu. Shevili ile inashika kwa kupanuka ndani ya tundu. Kama nyuma yake ni hewa, inapanukia nini? Ilikuwa inashikwa na kiganda chembamba cha bloki, na krepi ambayo haibebi kitu hata kidogo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kutoboa, ni kupiga. Chukueni nyundo ndogo, pigeni polepole ukuta mzima, kutoka chini mpaka juu. Bloki yenye tundu inalia kama debe tupu. Beto inalia kwa sauti fupi na nzito, na nyundo inarudi mkononi. Katika depo nyingi za kwetu beto ya kweli iko sehemu chache: nguzo za kwenye kona, linto juu ya mlango na dirisha, na shenaji, ule mkanda wa beto unaozunguka nyumba. Kama bado kuna shaka, toboeni tundu dogo la kujaribu. Mashine ikienda kwa nguvu ile ile na kutoa unga wa kijivu mpaka mwisho, sawa. Ikirukia ndani ghafla, mmeingia kwenye tundu la bloki. Matofali ya udongo yanatoa unga mwekundu, na hayo ni habari nyingine.

Jambo la pili ni hesabu, na hapa tunaomba msiruke. Wengi wanafikiri etajeri inavuta ukuta kwenda chini tu. Hapana. Inavuta visi ya juu kutoka nje, kama mtu anavyong’oa msumari. Mbao yetu ilikuwa na upana wa sentimetre 40, kwa hiyo uzito ulikaa kama sentimetre 20 mbali na ukuta. Vyuma vya kubeba vilikuwa vitatu, na kwenye kila kimoja, kati ya visi ya juu na ya chini kulikuwa sentimetre 20. Kilo 150 tukigawa kwa tatu, kila chuma kinabeba kilo 50, na visi yake ya juu inavutwa nje kwa nguvu ya kilo 50 hizo hizo. Kama tungemwambia fundi wa kuchomelea arefushe chuma, visi zikae sentimetre 40 mbalimbali, ingevutwa kwa kilo 25. Nusu! Kwa kipande kifupi cha chuma zaidi. Na hiyo ni kama uzito umegawanyika sawasawa. Kwa kweli chuma cha katikati ndicho kinateseka zaidi.

Sasa, ukuta wa bloki tunaufanya nini? Kuna njia ya kupitisha tiji ya chuma upande hadi upande, na kuweka bamba la chuma nje na rondela na ekru. Inashika vizuri, lakini nje mvua inapita kwenye tundu kama halikuzibwa na sima, na mwizi mwenye ufunguo anaona ekru. Sisi tulichagua njia nyepesi: etajeri ilipewa miguu ya mbao mpaka sakafuni. Miguu ndiyo inabeba kilo, ukuta unazuia tu isiangukie mbele, na huko juu tulifunga kwenye shenaji, si kwenye bloki.

Kutoboa ile shenaji kulituchukua nusu siku. Umeme hakuna, tulikodi mashine na grupe kutoka Bukavu. Mnaoweza kukosa mashine, tindo na nyundo vinatosha kwa matundu machache: piga mara moja, zungusha tindo kidogo, piga tena. Fundi avae miwani, beto inaruka machoni. Mche wa mashine uwe na unene ule ule wa shevili, si mkubwa “ili iingie vizuri”. Fungeni kipande cha skochi kwenye mche kuonyesha urefu, tundu lizidi shevili kama sentimetre moja. Halafu pulizeni unga wote utoke, kwa mpira mwembamba au pampu ya baiskeli. Hapa mafundi wengi wana haraka, na unga ukibaki, shevili inateleza juu yake. Mkigusa fero ndani ya beto, msilazimishe. Hiyo fero ndiyo inashika nyumba. Sogeeni pembeni. Na msitoboe karibu sana na ukingo wa beto, utapasuka.

Kabla ya kurudisha mbegu tulijaza mifuko mchanga, tukaweka kilo 225, yaani mara moja na nusu ya mzigo, ikalala usiku kucha. Asubuhi tulipima kwa kamba: mbao haikupinda, juu hakuna ufa. Mchanga ukimwagika unafagia. Tungefanya hivyo mara ya kwanza, habari hii isingeandikwa.

Tulibadilisha na mengine madogo. Dawa ilitoka kabisa kwenye chumba cha mbegu, iko kwenye sanduku lenye kufuli mahali pengine. Mifuko haigusi tena ukuta, maana wakati wa mvua ukuta wa sima unapitisha unyevu na mbegu inaota ukungu. Magunia ya kilo 100 ya mahindi hayapandi etajeri, yanakaa kwenye palete chini, nusu metre kutoka ukutani, mtu aweze kupita na kuona njia za panya.

Kuhusu deni la mama: tulisimama mbele ya komite tukasema kosa ni la kwetu, tukaandika hivyo kwenye kaye yake, tukasaini. Hakulipa. Kuchambua mbegu kwa mkono kulichukua siku nne, bamama kumi na moja wakikaa kwenye turubai, na nyumba kadhaa zilipanda zikiwa zimechelewa. Hilo hatukuweza kulirudisha.

Tulipopita tena mwezi wa Novemba, tuliona ameandika kwa rangi nyeusi kwenye kila mbao: KILO 150, MWISHO. Papa mmoja wa komite alikuwa ameweka gunia lake la mahindi juu, “kwa dakika mbili tu, mama”. Alikuwa analishusha.