Mshahara Umepanda, Nani Kamwambia Dada wa Kazi?

Oktoba 2025 Serikali ilitangaza kuwa kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi Tanzania Bara kinapanda kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322 kwa mwezi, kuanzia Januari 2026. Miezi mitano kabla yake, kwenye sherehe za Mei Mosi mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000. Ni hatua kubwa, na inastahili pongezi.

Hata hivyo, tarakimu hizi mbili hazifanani. Sh500,000 za mtumishi wa umma ni zake, hata aliye ngazi ya chini kabisa. Sh358,322 za sekta binafsi ni wastani. Amri ya mshahara hupanga kiwango cha kila sekta peke yake, tena kwa matabaka. Katika amri ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, kampuni ya kimataifa ya nishati ilitakiwa kulipa walau Sh592,000, duka Sh150,000, shamba Sh140,000. Dada wa kazi anayelala kwa mwajiri wa kawaida aliwekewa Sh60,000. Kwa hiyo muuza duka anayesikia redioni Sh358,322 akadhani ndizo zake, ataumia moyo siku ya malipo, na mwajiri asiye mwaminifu atautumia mkanganyiko huohuo kumpunja.

Tumtazame huyo dada wa kazi. Mwaka 2013 kiwango chake kilikuwa Sh40,000. Kilikaa hapohapo miaka tisa na nusu, huku nauli, unga, mafuta ya kula na sare za shule za wadogo zake kijijini vikipanda bei. Kilipofika Sh60,000, kikawa sawa na Sh2,000 kwa siku, kwa mtu anayeamka kabla ya wenye nyumba na kulala baada yao. Kweli anakula na kulala hapo. Lakini sheria inayoweka ukomo wa saa 45 za kazi kwa wiki haijamtenga yeye. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, sikukuu mara mbili, na likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Ni nyumba ngapi mjini zinazoyatimiza haya?

Utetezi wa waajiri tunaujua: mwalimu au muuguzi anayemwajiri dada naye ana mshahara mdogo, na bila msaada huo hawezi kwenda kazini. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ugumu wa maisha ya mwajiri haumpi ruhusa ya kuuhamishia mzigo wote kwa binti wa watu. Asiyeweza kulipa mtu wa kulala ndani anaweza kumwajiri kwa saa chache, kwa makubaliano yaliyo wazi.

Makubaliano hayo yaandikwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na amlipe pamoja na maelezo ya malipo yanayoonyesha kila makato. Na mgogoro ukifika mbele ya sheria, mwajiri asiye na mkataba wa maandishi ndiye anayebeba jukumu la kuthibitisha walichokubaliana. Wafanyakazi wengi wanaamini kinyume chake. Husema, "Mimi sina mkataba, nitashtaki vipi?" kisha wananyamaza.

Kunyamaza kuna gharama, maana muda unahesabiwa. Anayeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufikisha lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine, yakiwamo ya mshahara, yana siku 60. Anayesubiri huruma ya bosi hadi mwisho wa mwaka hukuta dirisha limefungwa, hata kama haki ni yake.

Ndiyo maana nyongeza isiishie kwenye tangazo. Viwango vya kila sekta vibandikwe kwa Kiswahili chepesi kwenye ofisi za kata na serikali za mitaa, ambako dada, mlinzi na kibarua wanafika. Maofisa kazi waongezwe na wawezeshwe kufika madukani na mashambani bila kusubiri malalamiko. Vyama vya wafanyakazi kama CHODAWU, kinachowahusu wafanyakazi wa majumbani, viwafuate watu hawa waliko, kwani wao ruhusa ya kutoka huipata kwa nadra. Na viwango vipitiwe mara kwa mara. Mfanyakazi asisubiri tena karibu miaka kumi ili aongezewe Sh20,000.

Nasi tunaosoma makala hii nyumbani tuna la kufanya kabla ya mwezi huu kwisha: tutafute kiwango cha sasa cha anayetupikia na kutulelea watoto, tumwonyeshe, tukiandike kwenye karatasi, tusaini wote wawili, kisha tumlipe.