Ngazi tatu za mgahawa zinavyomwacha mlaji nje

KATIKA mji wa Tukuyu na kata za jirani kama Lufingo, wilayani Rungwe, mlo wa mtu mwenye ulemavu unaweza kuharibika kabla hajauonja.

Chanzo ni ardhi yenyewe. Eneo hilo ni la miinuko, na mvua yake huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Ili maji yasiingie ndani, mjenzi huinua msingi na kuweka ngazi mbili au tatu, huku mfereji ukipita mbele ya baraza. Mpango huo humkinga mwenye mgahawa na tope, lakini humfungia nje anayetumia kiti cha magurudumu.

Suluhisho la haraka huwa ni vijana kumbeba mteja juujuu, au sahani yake ya ndizi na nyama kuletwa barazani. Hufanywa kwa wema, bila shaka. Hata hivyo, anayebebwa kwenye ngazi zilizolowa huhatarisha viungo vyake, na anayekula peke yake nje amelipa sawa na wenzake lakini amekosa meza.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010 inawapa watu hao haki ya kuyafikia majengo yanayotoa huduma kwa umma. Mwaka mmoja kabla, Tanzania ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu.

Kipimo kinachotumika sana kwa njia ya mteremko ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kimo hudai sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni sentimita 45, hivyo njia yake itafika mita 5.4. Baraza nyingi hazina nafasi hiyo. Ubao mfupi uliolazwa juu ya ngazi si njia ya mteremko. Ni mtego, hasa mvua inaponyesha.

Lakini mlima huohuo unaweza kusaidia. Jengo la mteremkoni huwa na upande wa juu ambako sakafu hukaribiana na ardhi, na mlango ukifunguliwa huko, ngazi hupungua au huisha kabisa. Sharti ni kwamba uwe mlango wa wateja, si kichochoro cha kupita kati ya majiko na masufuria.

Mjini Athens, Ugiriki, ilibidi lifti mpya izinduliwe Desemba 2020 ili wenye viti vya magurudumu wafike juu ya kilima cha Akropoli. Mgahawa wa Tukuyu hauhitaji makubwa kiasi hicho.

Ndani nako kuna mambo. Vyakula vikitajwa kwa mdomo, asiyeona hunufaika ilhali kiziwi hubaki akikisia. Vikiandikwa ubaoni tu, mambo hugeuka.

Gumu zaidi ni choo, ambacho mara nyingi kiko uani, kina kizingiti na mlango mwembamba. Kiti cha magurudumu huhitaji mlango wa sentimita 80 au zaidi, na nafasi ya mita 1.5 ili kigeuke. Pasipo hayo, mlaji hulazimika kuikataa chai, akiwa katika wilaya inayoilima.