Udhihirikaji wa Jeni na Epijenetiki: Istilahi za Kutenganisha

Wafasiri wa matini za tiba hukumbana na istilahi mbili zinazokaribiana lakini zisizoweza kubadilishana nafasi: *mabadiliko ya jeni* na *mabadiliko ya kiepijenetiki*. Kuzichanganya ni kumpa msomaji, pengine mgonjwa, habari isiyo ya kweli. Mfano wa mapafu unazitenganisha vizuri.

Kuta za vifuko vya hewa zina seli za aina kuu mbili. Seli za aina ya kwanza ni bapa na nyembamba mno. Hufunika takribani asilimia 95 ya uso wa vifuko, na oksijeni hupenya humo kuingia katika damu. Za aina ya pili ni nene zaidi. Hutoa ute unaozuia vifuko kunywea mtu anapotoa pumzi. Zote zina DNA ileile. Jeni iitwayo SFTPC, yenye maelekezo ya kuunda mojawapo ya protini za ute huo, imo katika aina zote mbili, ila hufanya kazi katika aina ya pili.

udhihirikaji wa jeni: hali ya maelekezo ya jeni kusomwa na kutumika, aghalabu kwa kuunda protini. Baadhi ya matini huandika *usemi wa jeni*, ilhali *usemi* watokana na *-sema*, na jeni haisemi. *Udhihirishaji*, lenye kiambishi cha usababishi, lafaa pale mtafiti anapoichochea jeni kwa makusudi.

epijenetiki [i-]: taaluma ya alama za kikemikali zinazoathiri usomwaji wa jeni bila kubadili mfuatano wa DNA. *Epi-* ni Kigiriki, 'juu ya'. Conrad Waddington aliianzisha istilahi hii mwaka 1942. Alama hizo ni kama vikundi vya methili juu ya DNA, au alama juu ya histoni, protini ambazo DNA huzizunguka.

Aliyesoma hati ya Kiarabu ataelewa upesi: herufi moja husomwa *ba*, *bi* au *bu* kwa kufuata irabu zake, nayo herufi haikubadilika. Mfano huu una mpaka, kwani alama za kiepijenetiki huamua zaidi iwapo jeni isomwe, na kwa kiasi gani. Ndiyo maana kifuko kikijeruhiwa, seli ya aina ya pili huweza kugawanyika na kuzaa seli ya aina ya kwanza: alama hupangwa upya, DNA hubaki ileile.

Matumizi

Si sahihi: *Sigara imebadilisha mfuatano wa jeni AHRR.*
Sahihi: *Sigara imepunguza alama za methili kwenye jeni AHRR.*

Moshi wa sigara huweza kuleta mabadiliko ya aina zote mbili. Yale ya mfuatano wa DNA, yakishathibiti katika seli, kwa kawaida hayafutiki. Alama za AHRR, kwa aliyeacha kuvuta, hurejea taratibu kuelekea hali ya awali. Mfasiri akiandika *mabadiliko ya jeni* mahali pa alama hizo, amemnyima mgonjwa sababu mojawapo ya kuacha.